Kuni za Gazi

Diani, kusini mwa Mombasa, niliipita upesi: mchanga, upepo, mbega juu ya mapaa. Nilipouliza habari za Gazi, mwenyeji wangu alinishangaa. Kule hakuna cha kuona, akasema, ni wavuvi na matope. Jibu hilo liliniudhi njia nzima, kwa kuwa nilikuwa naenda kuona nyumba ya mtu aliyewasumbua masultani wa Zanzibar na baada yao Waingereza, na mwenyeji wangu amezaliwa mwendo mfupi tu kutoka hapo.

Mtu huyo ni Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui. Ukoo wake uliitawala Mombasa hadi 1837, Sultani Seyyid Said alipouvunja utawala huo. Tawi moja likaenda Takaungu, jingine likashuka Gazi. Kutoka hapa Mbaruk aliasi mara kadhaa, na kila alipozidiwa alikimbilia ngome yake ya Mwele, ndani ya misitu nyuma ya pwani. Mwaka 1895 ukazuka ugomvi wa kurithi uongozi wa Takaungu. Waingereza wakamweka wamtakaye, na Mbaruk akaishia upande wa waliokataa. Agosti mwaka huohuo Admirali Rawson wa Uingereza aliiteka Mwele. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi wake, akajisalimisha kwa Wajerumani, kwa Gavana Hermann von Wissmann. Alifia Dar es Salaam.

Nyumba yake ya Gazi ilikuja kufanywa shule. Inasimuliwa kwamba zamani mlikuwa na chumba ambamo waliomkosea Sheikh Mbaruk walifungiwa na kufukizwa moshi wa pilipili. Niliizunguka, nikazigusa kuta, nikaandika niliyotaka kuandika. Kisha nikateremka ufuoni kutafuta chakula, na huko ndiko safari yangu ilikoanza hasa.

Mama mmoja alikuwa ameinamia karai la mafuta juu ya mafiga, anakaanga tafi na changu. Huku wanawake wa kazi hiyo huitwa mama karanga: hununua samaki kwa wavuvi asubuhi, huwakaanga, kisha huwatembeza vijijini na kando ya barabara kuu. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuinua uso. Akaniuliza nimefuata nini Gazi. Nikamwambia nyumba ya Sheikh Mbaruk.

"Mwanangu, yule alikwenda zake kwa Wajerumani," akasema. "Waliomlimia mashamba walibaki papa hapa. Hao hakuna anayekuja kuwauliza."

Sikuwa nimelitarajia jibu hilo. Mashamba ya Mazrui yalilimwa na watumwa, hilo nilikuwa nalijua. Lakini tumezoea kumweka Mbaruk kwenye orodha ya waliopinga wakoloni na kuishia hapo, hata mtu aliyelima chini ya kiboko cha shujaa huyo akakosa mahali pa kusimama katika hadithi. Alistahili kupinga Waingereza, na alistahili pia kupingwa na watumwa wake. Naamini kijiji kinaweza kuyabeba yote mawili.

Upepo ukageuka, moshi ukanipiga usoni. Mama akazilaani kuni zake.

"Hii ni mvinje. Nimeinunua, na inateketea kama karatasi. Kuni ya mkoko ukiiwasha asubuhi, kaa lake lakufikisha adhuhuri."

Nyuma yake mikoko ilikuwa imesimama ukuta wa kijani, umbali wa hatua chache. Nikamwuliza kama angependa waruhusiwe kuikata. Hapo ndipo alipoinua uso, na alikuwa amekasirika.

Alikuwa msichana, akaniambia, miaka ya 1970 mikoko ya ghuba hii ilipokatwa kwa wingi iwe kuni za viwanda. Kuni ziliondoka, fedha ikaondoka nazo, na hapa pakabaki uwanja wa matope. Bahari ikaingia ilipotaka. Kaa wakapungua, kamba wakapungua. Watu wakangoja mikoko iote yenyewe, na mahali pengine haikuota. Ikabidi ipandwe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa KMFRI, taasisi ya bahari na uvuvi ya serikali, walipanda pamoja na wanakijiji, na yeye alikuwamo, matope yakimfika magotini.

"Tulipanda, ikafa. Tukapanda tena. Sasa wewe waniuliza kama nataka ikatwe?"

Nikamwomba radhi. Akanipa kipande cha changu na ndimu, akasema nile kikiwa cha moto.

Msitu huo leo una kazi nyingine. Tangu 2013 vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda hekta 117 za mikoko kwa mradi wa Mikoko Pamoja. Mikoko huivuta hewa ya ukaa na kuifungia katika mizizi na matope yake. Kiasi hicho hupimwa, kisha huuzwa kwa viwango vya shirika la Plan Vivo, kama tani 3,000 kwa mwaka, kwa wanunuzi ambao wengi wako ng'ambo. Ulikuwa mradi wa kwanza wa kijamii duniani kuuza hewa ya ukaa ya mikoko, na 2017 ulipata tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Baadaye watu wa Vanga, kusini zaidi, nao wakaanzisha wao. Mvinje hupandwa nchi kavu ili watu wapate kuni na miti ya kujengea pasipo kugusa ghuba.

Mama alikuwa anayajua haya yote kuliko mimi. Maji ya bomba yaliyofika kijijini yalitokana na fedha hizo, na vitabu vya shule pia, na kila matumizi hujadiliwa barazani kwanza. Yeye huhudhuria na husema. Kisha akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria: "Hao wanaotulipa, wao wameacha kuchoma?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mtu wa mbali hupanda ndege, hulipia tani chache, roho yake ikatulia. Mama karanga wa Gazi huachana na kuni bora kupita zote, hununua zisizomfaa, na gharama hiyo haimo katika hesabu ya yeyote. Siupingi mradi. Niliupita msitu wenyewe juu ya daraja la mbao la kikundi cha wanawake, nikaonyeshwa mkoko, mkandaa, mchu na mlilana, na nikaona kaa wanavyojaa mizizini. Kazi hii ni ya kweli. Ninachosema ni kwamba tani moja ya Gazi inauzwa kana kwamba ililindwa na miti peke yake. Bei yake ihesabu na moshi unaomwingia machoni mama huyu, na fungu la fedha litengwe kwa majiko bora ya wanaokaanga samaki, kwa maana wao ndio walio karibu zaidi na jaribu la kukata.

Nilimwambia hivyo. Akasema nisimwambie yeye, niandike.

Mkataba wa Mikoko Pamoja ni wa miaka 20, kwa hiyo utafika mwisho 2033. Watakaokaa barazani siku hiyo kupanga masharti mapya ni watoto wanaosoma sasa kwa vitabu vilivyonunuliwa na mikoko. Wafundishwe habari za Mbaruk kwa ukamilifu wake, na wafundishwe hesabu ya tani na bei tangu shule ya msingi, ili atakapokuja mnunuzi wamwulize lile swali la mama karanga kabla hawajatia sahihi.