Kijerumani Tulichokipata Bamburi

Mpwa wangu ni muuguzi. Amemaliza chuo, leseni anayo, na sasa anausomea mtihani wa Kijerumani wa kiwango cha B2 ili aende kufanya kazi Ujerumani. Juzi alinikuta barazani nikisoma kitabu cha Kijerumani, akashangaa. "Mjomba, kumbe unakijua? Mimi nilidhani Kijerumani kimeingia Mombasa na hizi kazi za uuguzi." Maneno hayo aliyasema Kisauni, mwendo mfupi kutoka upande wa Nyali alikozikwa Rosine, mkewe mmisionari Mjerumani Krapf, mwaka 1844, na si mbali na ufuo wa Bamburi, ambako watu wa rika langu walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa kipato cha lugha hiyo. Sikumlaumu. Hakuna aliyemsimulia.

Kamusi yangu ya kwanza ina muhuri wa duka lililoniuzia: 1987. Iwe nilianza mwaka huo au wa kabla yake, haidhuru. Ulikuwa wakati wa ndege za Condor na LTU zilizoleta watalii kutoka Ujerumani, na sisi tuliokaa kando ya barabara ya Malindi tulijua msimu umeingia kwa kuyaona mabasi ya hoteli yakipishana tangu alfajiri.

Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja wa Wamunyu, kule Ukambani kwa wachongaji. Kibanda chake cha makuti kilikuwa ufuoni, nami likizo za shule nilikuwa nikimsaidia kupiga msasa twiga na vifaru. Harufu ya kibanda kile ninayo hadi leo: vumbi tamu la muhuhu, na rangi nyeusi ya viatu inayopakwa mti mwepesi ili ufanane na mpingo. Wengine waliuza mti huo kwa jina la mpingo. Yeye hakuthubutu. Mteja akiuliza, alimwekea kipande cha mpingo wa kweli mkono wa kulia na kile cha rangi mkono wa kushoto, apime uzito mwenyewe. Kisha alimweleza tofauti kwa Kijerumani, taratibu, bila kumkimbiza.

Hakuwahi kuingia darasa la Kijerumani. Alikuwa na daftari la safu mbili: kushoto Kiswahili, kulia Kijerumani kama kilivyomwingia sikioni. Bei gani, "vifil". Ghali mno, "tsu toia". Hebu tazama, "guken zi mal". Kila neno alilipata kwa mtu, na mtu huyo alimkumbuka: hili la bibi wa Stuttgart, hili la fundi bomba wa Köln, hili la mwalimu mstaafu aliyekuja kila Januari akakaa mpaka Machi.

Nambari ndizo zilizomtia tahadhari. Mjerumani hutanguliza moja kabla ya kumi. Arobaini na tano yake huanza na tano, na sikio lisipokuwa makini bei hugeuka ikawa hamsini na nne. Kwa hiyo kila bei aliichora mchangani kwa kijiti, kwa mark, na mnunuzi akachora yake chini. Wakiafikiana, alizifuta zote kwa wayo, ndipo akafunga kinyago kwa gazeti.

Kanuni yake kwangu ilikuwa moja. "Wewe kijana, usimuuzie mtu ambaye hujamuuliza habari za kwao." Basi nikawa nauliza. Watoto wangapi, kazi gani, baridi ya huko ikoje. Majibu ndiyo yaliyokuwa masomo yangu, maana mtu akisimulia habari za nyumbani kwake hatumii maneno ya dukani. Hutumia lugha yake yote. Sarufi niliipata baadaye, kwenye magazeti ya Stern na Spiegel yaliyoachwa vyumbani na wageni, ambayo wasafisha vyumba walituwekea.

Lugha hiyo ilinipa kazi. Dereva asiyejua lugha ya wageni alisubiri zamu. Aliyeijua aliitwa kwa jina. Nikawa napeleka watu Tsavo. Mgeni haulizi tu yule ni mnyama gani. Anauliza mbona ndovu wa huku ni wekundu, nawe unatakiwa umweleze udongo, na jinsi ndovu anavyojimwagia vumbi baada ya kuoga, na kwa nini anafanya hivyo. Ili nijibu kwa Kijerumani ilinibidi kwanza nizijue habari zenyewe, na mengi ninayoyajua kuhusu nchi yangu niliyatafuta kwa sababu Mjerumani aliniuliza. Kisha wakaanza kuja watu wa Leipzig na Dresden, na lafudhi yao ya Saxony ikanilazimu kusikiliza upya, kama niliyeanza leo.

Faida kubwa kuliko zote haikuwa mshahara. Ni kwamba nilikuja kukisoma mwenyewe kitabu cha Krapf, Reisen in Ost-Afrika, kilichochapwa mwaka 1858. Mle nimekuta habari za Rabai na Mombasa, na za kifo cha mkewe na mwanawe mchanga, jinsi alivyoziandika yeye kwa lugha ya mama yake. Nchi ni yangu, habari ni za kwetu, na kwa miaka mingi zilikuwa zimefungwa kwa lugha nisiyoijua.

Miaka iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Ufupi wake ni kwamba hoteli zilifungwa. Mark iliondoka 2002. Vibanda vilivunjwa, mzee akarudi Wamunyu na akafia huko. Machi 2020 Ujerumani ikaanza kutumia sheria mpya ya kupokea wafanyakazi wenye ujuzi. Septemba 2024 Kenya ikatia sahihi mkataba nayo mjini Berlin. Mara Kijerumani kikarudi mjini, safari hii katika madarasa ya ghorofani, chini ya mabango yanayoahidi cheti kwa miezi michache.

Hapo ndipo ninapoudhika. Goethe-Institut yenyewe inakadiria masomo 600 hadi 800, kila moja dakika 45, mpaka kufika B2. Mtihani una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila moja inataka alama 60 kati ya 100. Mawakala wanachukua pesa za wazazi, kisha vijana wanakaririshwa mitihani ya nyuma. Mpwa wangu anaweza kunipangia kitenzi mwisho wa sentensi bila kukosea, lakini nilipomuuliza kwa Kijerumani bibi yake anaendeleaje na mguu, alinyamaza. Na wodini Ujerumani hilo ndilo litakaloulizwa kila asubuhi, tena na wazee wenye lafudhi za vijijini.

Siwakatazi kwenda. Kazi ipo, mafunzo ya ufundi yenye posho yapo, na vyuo vikuu vingi vya umma havitozi karo. Ninachodai ni kwamba kijana apewe lugha ya kuishi nayo, si ya kupitia uwanja wa ndege tu.

Na dawa iko hapa hapa. Mtwapa na Diani wamejaa Wajerumani wastaafu, wengi wapweke, wanaoshinda kutwa bila mtu wa kuzungumza naye. Nimemtafutia mpwa wangu mmoja, mama aliyekuwa muuguzi kwao, na Jumamosi anakwenda kumsaidia kupika. Walimu wa ghorofani, hawa ni majirani zenu. Wagongeeni milango, wapelekeeni vijana, na muwafundishe kwanza kuuliza habari za nyumbani.