Gusii: Ukiona maji mekundu, ngoja

Msomaji mpenzi, kama hujasafiri Gusii wakati wa mvua za masika, basi hujajua utelezi ni nini. Usidhani nazungumzia ile lami inayotoka Nairobi kupitia Narok, Sotik na Keroka. La hasha! Nazungumzia zile barabara zinazochepuka na kutokomea migombani na mashambani mwa majani chai, ambako gari dogo la mjini hufika asubuhi likashindwa kurudi jioni.

Nilishuka basi mjini Kisii alfajiri ya siku moja ya Aprili. Mwenyeji wangu alikuwa amenitafutia Land Rover kuukuu pamoja na dereva wake, mzee wa makamo aliyevaa akala na kofia ya sufu. “Bwakire,” nikamsalimu kwa Ekegusii changu cha kuokoteza. Akacheka, akaitikia, kisha akaniuliza swali moja tu: “Mwanangu, una haraka?” Nikamwambia ni lazima nipande basi la usiku kurudi Nairobi. Hakujibu kitu.

Tulipita Nyamira hadi Kebirigo kwenye lami nzuri, kisha tukaingia barabara ya udongo. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini matope ya huku yana sifa. Udongo wa Gusii ni mwekundu, wa kina kirefu na wenye mfinyanzi mwingi. Hii ni nyanda ya juu, mji wa Kisii wenyewe ukiwa kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka. Asubuhi utaona jua limewaka, lakini kufikia alasiri upepo wa Ziwa Victoria unapopanda milima hii, mawingu hukusanyika na mvua kumwagika. Ndiyo sababu ardhi ina rutuba, na ndiyo sababu magari hukwama.

Mzee alipofika penye mteremko mbaya alisimama kwanza, akatia gia ya nguvu inayoendesha magurudumu yote manne, akashuka polepole bila kugusa breki. “Ukikanyaga breki hapa,” akaniambia, “gurudumu linasimama lakini gari linaendelea na safari.” Bondeni tulivuka kijito kwa urahisi. Maji yalikuwa safi, na mawe ya chini yalionekana.

Saa nane mvua ilinyesha. Tuliporudi pale kijitoni saa tisa na nusu, sikuamini macho yangu. Maji yalikuwa mekundu kama chai iliyotiwa maziwa kidogo, yakivuma, na yale mawe hayakuonekana tena. Ng’ambo ya pili lilikuwa limesimama lori la kubeba majani chai, likielekea upande wetu. Juu ya kilima nyuma yetu, akina mama walikuwa kituoni na magunia yao, wakilisubiri.

Huenda wewe unayekunywa chai mezani hujui jambo hili. Jani likishachumwa halina subira. Likirundikwa hupata joto, hugeuka rangi, na kiwandani hukataliwa. Kwa hiyo, kijito kikifurika kwa saa chache tu, jasho la siku nzima linaweza kuwa takataka.

Nilimhimiza mzee tuvuke. Nikamkumbusha basi langu. Akavunja kijiti, akakichomeka ukingoni pale maji yalipofikia, akaketi juu ya jiwe. “Kijiti kitatuambia,” akasema. Nilinung’unika moyoni. Nilidhani gari lenye magurudumu manne yenye nguvu limeundwa kwa kazi kama hiyo.

Baada ya kitambo, shina zima la mkaratusi lilipita likibingirika, mahali pale pale ambapo gari letu lingekuwa. Sikutaja basi tena.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wina wake. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu huweza kuchukua gari dogo, na yakifika sentimita 60 hubeba hata magari makubwa kuliko hilo letu. Nguvu za injini hazisaidii gari likishaanza kuelea, kwa kuwa magurudumu hayashiki chini. Wakenya hatujasahau Desemba 2021, basi lilipozama katika Mto Enziu, Mwingi, likiwa limebeba waliokuwa wakienda arusini. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Kufikia saa kumi na mbili kasorobo kijiti kilikuwa kimesimama pakavu. Mzee alikunja suruali, akavuka kwa miguu huku akipapasa chini kwa fimbo, kisha akarudi. Maji hayakumfika nusu ya muundi. Ndipo tulipoingia kwa gia nzito, mwendo wa kobe, bila kubadilisha gia wala kuachia mafuta mpaka ng’ambo. Huko alikanyaga breki mara kadhaa ili zikauke, akampungia mkono dereva wa lori. Naye akavuka kwenda kwa akina mama wale. Kama majani yao yalipokelewa kiwandani, sikupata kujua.

Basi lilikuwa limekwisha ondoka. Nililala Kisii, nikala matoke na mboga za chinsaga, nikafika kazini siku iliyofuata nikiwa nimechelewa na viatu vyangu vyekundu.

Basi, msomaji, nenda Gusii ukajionee vilima vile vya kijani. Nenda na viatu vya mpira, na usipange safari mbili kwa siku moja. Na ukimpata dereva anayeketi juu ya jiwe kutazama kijiti, usimharakishe. Mlipe, kisha mshukuru.