Mwamuzi wa Chumbani

Nilipokuwa mtoto, mjomba wangu, aliyekuwa mpenzi wa Yanga tangu sijazaliwa, alikuwa na desturi ya kumlaani refa kwa dakika zote tisini, kisha akamsamehe kabla ya adhana ya Isha, akisema kwamba bin Adamu hakuumbiwa macho kisogoni. Hata mwaka 1986, zilipotufikia habari kwamba Maradona amewafunga Waingereza kwa mkono huko Mexico, na kwamba refa, Mtunisia Ali Bin Nasser, amelikubali bao, mjomba alisikitika lakini hakumtuhumu mtu yule, kwa kuwa alisimama hadharani, mbele ya umma wote, akahukumu kwa kadiri alivyoona.

Basi sheria za kandanda ziliporekebishwa Machi 2018 ili kuwaruhusu waamuzi wa video, na katika fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka huohuo, mjini Moscow, tukamwona refa akiendea runinga pembeni ya uwanja, akautazama mkono wa Mkroatia na kurudi kuwapa Wafaransa penalti, nilifurahi kwa dhati, nikidhani kwamba yakini imekwisha kuchukua mahali pa dhana. Sikutambua bado kwamba furaha ya bao, ambayo zamani ililipuka papo hapo mpira ulipogusa nyavu, tangu sasa itangoja idhini.

Usiku wa tarehe 5 Aprili 2024, katika mwezi wa Ramadhani, tulitoka kuswali tarawehe tukajaa katika kibanda umiza kutazama marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga na Mamelodi Sundowns, kutoka Pretoria. Kipindi cha pili, Stephane Aziz Ki aliachia shuti, mpira ukagonga mtambaa wa panya, ukadunda chini na kurudi uwanjani, nasi sote tukainuka, kwani machoni petu ulikuwa umevuka mstari. Waliokuwa katika chumba cha video wakaangalia. Bao halikukubaliwa, na baada ya sare tupu Yanga ikatolewa kwa penalti.

Sisemi kwamba walidhulumu, kwani huenda picha walizokuwa nazo hazikuwatosha kuthibitisha. Lakini sisi hatukuwasikia wakijadiliana, wala hatukuelezwa hoja iliyowakinaisha, ilhali miezi michache kabla yake, huko Uingereza, bao halali la Luis Díaz wa Liverpool lilipofutwa kwa sababu waamuzi wa video walidhani uwanjani limekubaliwa, sauti zao zilitolewa siku chache baadaye, kila mtu akasikia taksiri ilivyotokea. Kosa lile liliuma; hata hivyo, mimi nililielewa.

Usiku ule kibandani hapakuwa na matusi. Mjomba, mzee sasa, aliitazama runinga hata ilipozimwa, kisha akanishika mkono, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hao waliohukumu ni akina nani?" Sikuwa na jina la kumtajia.