Nani aliumwaga ule uji?

Mtoto alikuwa na miaka tisa alipoanza kuitwa mkaidi. Kijiji ni cha Iringa, si mbali na barabara kuu iendayo Mafinga, na aliyempa jina hilo ni bibi yake mzaa mama. Bibi ndiye aliyemlea tangu mama alipokwenda Mbeya kutafuta maisha. Majina yao yanahifadhiwa, kwa kuwa mtoto bado anasoma na watoto wenzake wana midomo.

Kosa la kwanza analolikumbuka bibi ni la uji. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ya kukata vidole. Mtoto alitumwa kumpelekea babu kikombe cha uji uani. Alipofika mlangoni akasimama. Kikombe kikainama taratibu, uji wote ukamwagikia miguuni pake, huku yeye akitafuna mdomo mtupu na vidole vya mkono wa pili vikichezea kifungo cha sweta. Bibi alimwita mara mbili, hakuitika. Akamchapa fimbo. Mtoto akamtazama tu.

"Kumwaga uji ningemsamehe," anasema bibi. "Kilichoniuma ni yale macho. Unampiga mtoto, anakutazama kama vile wewe si mtu."

Kilio kilikuja baadaye, baada ya dakika moja au mbili. Mtoto alikuwa kama aliyeamshwa usingizini, akauliza amefanya nini. Bibi akaihesabu hiyo kuwa dharau ya pili, akamwongeza.

Mambo yaliendelea hivyo kwa karibu miaka miwili. Shuleni aliandikiwa kwamba hasikilizi. Baba yake mdogo alisema ni pepo. Jirani mmoja alinong'ona kuwa amerogwa, hata mhusika akatajwa. Bibi, ambaye ni mama wa kanisa, aliyakataa yote mawili. Alishikilia kiburi, kwa sababu kiburi, kwa jinsi alivyolelewa yeye, kina dawa yake, na dawa hiyo ilikuwa imechomekwa juu ya dari.

Mwishowe mama akamchukua mwanawe Mbeya. Mama huyo anauza mitumba Mwanjelwa, na amepanga chumba na sebule. Wiki ya pili tu, binti wa jirani aliyekuwa akichezea simu alimrekodi mtoto akiwa amesimama katikati ya chumba, anatafuna hewa, anafungua na kufunga kifungo. Video ya sekunde hamsini. Mama aliiangalia mara nyingi usiku ule. Asubuhi hakwenda sokoni, akaenda hospitali.

Daktari naye aliitazama, akauliza maswali mengi kuliko mama alivyotarajia, kisha akasema ni kifafa.

Wengi wetu tukisikia kifafa tunaona mtu ameanguka, anatupa mikono na miguu, povu mdomoni. Ipo pia aina ambayo mtu haanguki. Hitilafu ya umeme inaanzia sehemu moja ya ubongo, fahamu zinapotea kwa muda, lakini mwili unaendelea na vitendo vidogovidogo vilivyozoeleka, kama kutafuna, kumeza, kupapasa nguo, hata kutembea hatua kadhaa. Ukimtazama utasema anajua anachofanya. Ukimchapa hasikii, au anasikia kwa mbali bila kuelewa. Mzazi anayemshuku mwanawe asione aibu kumrekodi kwa simu na kuipeleka video hiyo kwa daktari, maana mtoto mwenyewe hawezi kusimulia kilichotokea wakati hayupo.

Baadaye picha ya kichwa ilionyesha doa dogo. Daktari alisema huenda ni kovu la minyoo ya tegu. Mama alishtuka, kwa sababu kijijini kwao nguruwe huzurura, na ni jambo ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine wameshalichunguza Mbozi na Mbeya Vijijini. Lakini hapa watu huchanganya. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva hupata tegu tumboni. Mdudu anayeingia kichwani hutokana na mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, yakafika mdomoni kwa maji, mboga au mikono michafu. Kwa hiyo mtoto asiyewahi kuonja kitimoto anaweza kuugua kwa sababu ya choo cha mtu mwingine.

Basi nani aliumwaga ule uji? Mkono ni wa mtoto. Kilichouinamisha mkono ni cheche ya umeme kwenye kovu, kovu ni la yai la mnyoo, yai ni la mtu asiyejulikana aliyejisaidia porini miaka iliyopita. Mtoto alikuwapo kwa mwili tu.

Swali hili limewasumbua wataalamu wa ubongo kwa muda mrefu. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa Montreal nchini Kanada, aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho na kugusa ubongo wao kwa umeme mdogo ili ajue sehemu ipi inafanya nini. Mkono wa mgonjwa ulipoinuka, mgonjwa alisema si yeye aliyeuinua, ameuinua daktari. Mwaka 1983 Benjamin Libet na wenzake huko Marekani walikwenda mbali zaidi. Waliwaomba watu wenye afya wakunje kiganja wakati wowote wanaotaka, huku wakitazama saa maalumu. Umeme wa ubongo ulianza kubadilika karibu nusu sekunde kabla ya mkono kusogea, wakati wahusika walisema nia yao ilikuja takriban sehemu moja ya tano ya sekunde kabla. Wapo waliosema hapo ndipo hiari ilipozikwa, kwamba ubongo huamua kwanza, sisi tunaarifiwa tu. Libet mwenyewe hakukubali. Aliona mtu bado ana nafasi ya kuzuia tendo dakika ya mwisho. Na mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kuwa ule umeme wa mwanzo huenda si uamuzi kabisa, ni mtikisiko wa kawaida wa ubongo unaopanda na kushuka.

Kukunja kiganja kwenye maabara ni jambo dogo. Mtihani wa mama wa Mwanjelwa ulikuja kwa noti ya shilingi elfu mbili.

Alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga. Alipotoka kuoga, hakuiona. Mtoto, ambaye sasa ana miaka kumi na moja, aliulizwa. Akajibu bila kusita: "Nilishikwa, mama. Sikujua."

Mama alikaa chini. Alikuwa ameapa hatampiga tena mtoto huyu kwa kosa ambalo si lake. Na sasa mtoto amejifunza kwamba lipo neno moja linalofuta kosa lolote.

Hakumchapa. Alimtuma nje, akapekua. Ndani ya kiatu cha shule alikuta shilingi mia tano, na chini ya godoro karatasi ya biskuti. Hapo akakumbuka maelezo ya hospitali. Mtu aliyeshikwa anaweza kufungua kifungo. Hawezi kufungua fundo, kwenda dukani, kuchagua biskuti, kupokea chenji, kuificha na kurudi na uso mkavu. Haya yana mpango ndani yake.

"Chenji haina kifafa," alimwambia.

Mtoto akaangua kilio, safari hii papo hapo.

Lakini hata hapo mambo hayakuwa mepesi. Dawa ya kwanza aliyoanzishwa ilikuwa fenobabitoni, ambayo inajulikana kuwafanya baadhi ya watoto kuwa watundu, wenye hasira na wasiotulia. Mama alipoeleza hali ya nyumbani kliniki, daktari alimhamishia kwenye kabamazepini, taratibu, bila kukatisha ya kwanza ghafla. Je, noti ile ilichukuliwa na mtoto au na kidonge? Au na njaa ya vitu vitamu? Au na miaka miwili ya fimbo zisizo na sababu, zilizomfundisha kuwa kusema kweli na kusema uongo kuna malipo yaleyale?

Baba mdogo, aliyekuja Mbeya kwa shughuli zake, alikuwa na jibu tayari. "Shemeji, kila kitu kimepangwa. Huyu kaandikiwa." Ni mtu mwema, ila msimu wa ulanzi haonekani nyumbani kabla ya usiku, na hilo nalo huwa anasema kaandikiwa. Mama alimuuliza kama msimu ujao akiambiwa kuna laki moja kwa atakayerudi saa kumi na mbili jioni akiwa mkavu, angerudi. Akacheka, akasema angerudi. "Basi kuna mahali pako pamebaki," mama akamwambia. Swali lilikuwa zuri, ingawa halimalizi kila kitu. Kuna walevi ambao hata kwa laki tano wasingerudi, na hao wanahitaji tiba, si shindano.

Sheria nayo imeona ugumu huu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inasema mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai, na wa chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitike kwamba alipotenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa hapaswi kutenda. Hakimu hatakiwi kukisia. Anatakiwa kuutafuta ushahidi wa uwezo huo, kama mama alivyoutafuta ndani ya kiatu.

Adhabu ilikuwa kuteka maji kwa wiki nzima na kurudisha ile mia tano. Mtoto aliikubali. Mama anasema alionekana kama aliyepata nafuu, na huenda ndivyo ilivyo. Kuambiwa "hili umelifanya wewe" ni heshima pia, kwa mtu aliyekaa miaka miwili akipigwa kwa yasiyo yake.

Aliyebaki na mzigo ni bibi. Alipigiwa simu akaelezwa yote, doa la kichwani, video, dawa. Baada ya "kamwene" za mwanzo alinyamaza muda mrefu hadi mama akadhani salio limekwisha. Kisha akauliza: "Na mimi, mwanangu, nilichagua kumpiga? Mama yangu alinipiga hivyohivyo. Sikujua njia nyingine."

Mama hakumjibu. Angesema hakuchagua, angekuwa amemvua mama yake utu uleule ambao siku chache nyuma alimrudishia mtoto. Angesema alichagua, ni mama yake huyo. Alimwambia tu, "Njoo umwone."

Bibi alikuja kwa basi, na mahindi ya kuchoma na mbeta mbili tupu za zawadi. Usiku wa tatu, mama akiwa bado sokoni akifunga mzigo, mtoto alisimama katikati ya chumba na kikombe cha chai mkononi. Macho yakaganda, mdomo ukaanza kutafuna. Bibi alikuwa ameelekezwa: usimshike kwa nguvu, usimtie kitu mdomoni, ondoa cha moto na chenye ncha, tazama saa, zikipita dakika tano mkimbize hospitali. Alichukua kikombe kutoka vidoleni taratibu, akakiweka mbali. Akasogeza jiko la mkaa kwa mguu. Kisha akasimama karibu yake akihesabu kwa sauti ya chini, kwa Kihehe.

Alipofika mia moja na kitu, mtoto alipepesa macho, akatazama sakafu kisha mikono yake.

"Bibi, nimemwaga?"

"Hujamwaga," akasema bibi, akampa kikombe chake.