Ardhi Isiyouzwa

Kwenye mteremko wa mlima Marapi, Sumatra Magharibi nchini Indonesia, kipo kijiji cha Pariangan, ambacho Waminangkabau hukihesabu kuwa chimbuko lao. Wageni huenda kutazama mashamba ya mpunga na nyumba za ukoo zenye mapaa yaliyopinda mithili ya pembe za nyati. Mwekezaji naye hukutana na ada: ardhi ya ukoo hurithiwa kwa upande wa mama, wala haiuzwi. Huwekwa rehani kwa mambo manne tu: maiti asiyezikwa, binti mkubwa asiyeolewa, nyumba ya ukoo inayovuja, na kusimamisha upya cheo cha ukoo.

Nami, Mshafii kama wao, nilipoyasoma hayo nilikunja uso, kwani mafungu ya mirathi ameyagawa Mwenyezi Mungu. Sheikh Ahmad Khatib, Mminangkabau aliyekuwa imamu Makka, aliipinga vikali ada hiyo. Baadaye baadhi ya wanavyuoni wao walipambanua: chumo la mtu hugawanywa kisharia, ardhi ya kale huwa mfano wa wakfu.

Sisi tulipiga mafungu shamba la marehemu mama yetu kama ipasavyo, kisha ndugu wanaume tukawashawishi dada zetu tuliuze lote. Fedha zimekwisha, na dada yetu mmoja leo amepanga chumba. Sharia haikukosea, tuliokosea ni sisi. Basi, enyi ndugu, kabla ya kutia saini, muulizeni dada yenu atalala wapi.