Bonyeza, Achia, Hesabu

Daktari akimaliza huvua glavu, humshika mteja bega, kisha huhamia chumba cha pili ambako mwingine anamsubiri. Mimi hubaki. Huu ni mwaka wa nane nafanya kazi katika kliniki ya ngozi hapa Dar es Salaam, na kazi yangu ni kuutunza mdomo baada ya sindano kutoka. Sindano yenyewe haimalizi hata nusu saa. Mdomo unataka wiki mbili, na ndani ya wiki hizo mwenye mdomo lazima ale, alale, aende kazini, aswali, abembeleze mtoto na ajibu salamu za majirani.

Kinachoingia ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, mara nyingi nusu mililita hadi mililita moja. Ukiimimina kwenye kijiko cha chai haifiki hata robo yake. Miili yetu inayo asidi hiyo tangu kuzaliwa, kwenye ngozi, kwenye maungio, machoni. Wataalamu waliitambua mara ya kwanza mwaka 1934 kutoka jicho la ng'ombe. Sifa yake kubwa ni kuvuta maji. Kwa hiyo mdomo uliotobolewa na kuwekewa kitu kinachovuta maji utavimba, na utavimba zaidi siku ya pili kuliko ya kwanza. Mteja akiamka asubuhi hiyo na kujiona kwenye kioo, hunipigia akilia. Nawaambia mapema: asubuhi ya pili usijihukumu. Ulilala, maji yakapanda usoni. Lala na mito miwili, ngoja jioni, ujiangalie tena. Hukumu ya kweli ni baada ya siku 14, jeli ikishatulia na vinundu vidogo vimelainika. Kabla ya hapo usivikande wala kuvibinya, labda sisi wenyewe tukuelekeze.

Nilipoanza tulikuwa na karatasi ya maelekezo iliyotafsiriwa kutoka nchi za nje. Mstari wake wa mwisho ulisema: baada ya saa 24, rudi kwenye shughuli zako za kawaida. Niliigawa karatasi hiyo kwa mamia ya watu bila kujiuliza kawaida ni ya nani.

Alinifungua macho mama mmoja mwenye kibanda cha chakula. Alikuja siku ya pili, midomo imevimba kupita kiasi na damu imevilia upande mmoja. Nikamuuliza kama alifanya mazoezi, akasema hajawahi kufanya mazoezi maishani mwake. Kama alikunywa pombe, akasema yeye si wa pombe. Nikamwomba anisimulie siku yake tangu alipoamka. Saa kumi alfajiri alikuwa amewasha mkaa. Mpaka saa nane mchana alikuwa ameinama juu ya masufuria manne, uso kwenye mvuke, akionja mchuzi wa moto kila mara. Karatasi ilikataza sauna. Sauna yeye haijui, lakini alikuwa ameshinda ndani yake saa kumi.

Tangu siku hiyo sitoi karatasi kabla ya kuuliza: kesho utafanya nini? Na keshokutwa? Majibu ndiyo yanayoniambia niseme nini. Dereva wa bodaboda huwa anavaa helmeti inayofunika uso mzima, na sponji yake ya ndani inakandamiza midomo kila akiivaa na kuivua. Huyo namwomba apumzike siku mbili au aazime ya uso wazi akiwa na safari ya lazima. Mwanakwaya namwuliza mazoezi ni lini. Mwenye jino linalosubiri kung'olewa namrudisha kwa daktari wa meno kwanza, au asubiri wiki mbili baada ya sindano, kwa sababu mdomo ukivutwa na kufunguliwa sana, na bakteria wa kinywani wakipata njia, tunaweza kupata balaa ambayo haikuwa na haja. Na aliyewahi kutokwa na malengelenge ya homa mdomoni lazima aseme kabla ya sindano. Matundu ya sindano huyaamsha, na dawa ya kuyazuia ipo, ila inaanza kutumiwa mapema.

Mabinti wa harusi ndio wanaonipa kazi kubwa. Wanakuja siku nne kabla ya ndoa wakitaka midomo ya picha. Ukihesabu vizuri, siku ya nne uvimbe unaweza kuwepo, damu inaweza kuwa imevilia, na mbele yao kuna singo, kuna kufukizwa udi, kuna mikono ya makungwi inayosugua uso, kuna mpambaji mwenye brashi ambazo jana zilipita kwenye nyuso nyingine. Joto na kusuguliwa vyote tunavikataza siku mbili za mwanzo, na rangi ya mdomo tunaikataza mpaka matundu yafunge, angalau siku nzima. Mimi nawaambia waje wiki nne kabla, au waje baada ya fungate. Wapo wanaokasirika na kwenda saluni ambako hakuna atakayewauliza swali. Mwaka 2021 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu zile kalamu zisizo na sindano zinazosukuma jeli kwa nguvu ya hewa, lakini hapa mjini bado zinatumika, na baadhi ya walioumizwa nazo nimewapokea mimi.

Swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini zaidi ni la ibada. Udhu? Tawadha, pitisha maji safi polepole, sukutua bila kusugua midomo. Kusujudu? Tunasema kichwa kisiinamishwe muda mrefu, lakini sijamwambia mtu aache kusujudu. Sijda ni fupi, na uzito hauko mdomoni. Kwa Ramadhani nashauri kusubiri Iddi, kwa sababu siku ya kwanza na ya pili nataka mtu anywe maji anapohitaji na ameze dawa akiumwa. Swali hili linastahili jibu kamili. Mtu asipojibiwa atachagua mwenyewe, na atachagua akiwa na hofu.

La mkorogo pia nauliza, na nauliza bila kumwaibisha mtu. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi, na steroidi hula unene wa ngozi, kwa hiyo damu huvilia kwa urahisi. Nikijua, tunapanga. Nikifichwa, mteja atalia kwa kuvilia damu ambako kungeweza kutarajiwa. Hivyohivyo kwa aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo huku kwetu watu humeza kama peremende: zinaongeza uwezekano wa damu kuvilia. Ya maumivu ni parasetamoli. Ila aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa sababu ya midomo. Azungumze na daktari wake kwanza.

Hayo yote niliyajua, na nilijiona nimeiva. Kisha ukaja usiku wa mteja mmoja ambao sitausahau.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mfanyakazi wa ofisini, mweusi wa kung'aa kama mimi. Alichomwa saa tisa alasiri, akaondoka akitabasamu. Saa tatu usiku akanipigia.

"Sista, samahani kwa kukusumbua usiku. Upande wa kushoto unauma."

"Pole, dada. Umevimba?"

"Umevimba."

"Umekuwa mweupe?"

"Hapana. Uko vilevile. Labda umeiva kidogo."

Nikapumua. Nikamwambia aweke barafu, ameze parasetamoli, aongeze mto, na asubuhi atakuwa salama. Alifanya vyote kama nilivyosema. Saa kumi na moja alfajiri akanitumia picha. Niliona uvimbe na giza upande mmoja, nikadhani damu imevilia. Kilichonitoa kitandani ni maneno aliyoandika chini yake: sijalala, unauma kama jino.

Saa moja asubuhi nilimkalisha dirishani. Nikaugeuza mdomo wa juu nje ndani, pale penye unyevunyevu. Kulia palikuwa na wekundu wa kawaida. Kushoto palikuwa pamekuwa kijivu, na michirizi imepita kama wavu wa mvuvi. Nikabonyeza kulia kwa kidole, nikaachia: damu ikarudi kabla sijamaliza kusema moja. Nikabonyeza kushoto. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, tano. Nilipofika sita ndipo rangi ikaanza kurudi kwa uvivu.

Jeli ilikuwa imeziba njia ya damu. Ateri za midomo ni nyembamba na hupinda zinavyotaka, na hata mkono wenye ujuzi unaweza kuigusa mojawapo, au jeli na uvimbe vikaibana kutoka nje. Sehemu inayokosa damu huanza kufa. Daktari alifika mbio. Tulichanganya hayaluronidezi, kimeng'enya kinachoyeyusha jeli hiyo, akachoma uniti 500. Tulitupa barafu na kuweka kitambaa cha maji ya uvuguvugu, tukakanda, tukangoja saa moja, tukabonyeza, tukahesabu. Tukachoma tena. Baada ya mara ya tatu, karibu saa sita mchana, kushoto kukawa kunarudi sawa na kulia. Alibaki na kidonda kidogo kilichobanduka na kupona wiki ya tatu.

Nilikuwa nimekosea mara tatu katika simu ya dakika mbili. Nilimuuliza kuhusu weupe, kwa sababu picha nilizofundishiwa zilikuwa za midomo ya Wazungu, ambayo ikikosa damu hupauka waziwazi. Mdomo wetu una rangi yake inayofunika. Kinachopauka kiko chini ya rangi hiyo, na kutoka nje mtu anaona giza au haoni kitu. Kisha nilimwagiza barafu. Kwa uvimbe wa kawaida barafu ni dawa, lakini baridi hubana mishipa, nami niliagiza ibanwe mishipa ambayo tayari ilikuwa imezibwa. La tatu ni maumivu. Jeli nyingi huja na dawa ya ganzi ndani yake, na ganzi ile huficha maumivu saa za mwanzo. Maumivu yanayoanza jioni ganzi ikiisha, na yakazidi badala ya kupungua, ni kengele. Alinipigia kengele hiyo, nikamwambia alale.

Nilimweleza yote siku hiyohiyo, tukiwa tumekaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi sista, ungenifundisha kuangalia. Mimi nilikuwa nao mdomo usiku kucha."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka leo. Alikuwa na kioo, taa ya simu na kidole, na akili timamu iliyokuwa macho mpaka alfajiri. Kilichokosekana ni mimi kumwambia atazame wapi.

Siku hizi mteja hatoki kabla hajajifunza. Ananawa mikono, anashika kioo, anageuza mdomo. Anauona wekundu wake mwenyewe ulivyo akiwa mzima. Anabonyeza, anaachia, anahesabu, kulia na kushoto, juu na chini, mpaka aijue kasi ya damu yake. Kwa kawaida haipiti mbili. Namwambia arudie saa mbili usiku na kabla ya kulala. Maumivu yakizidi, au kukiwa na michirizi ya wavu hata juu ya mdomo kuelekea pua, au damu ikichelewa, aache barafu na anipigie saa yoyote, na asiniombe samahani. Vipele vyenye usaha vikitokea siku ya tatu asidhani ni malengelenge tu akapaka dawa ya dukani. Aje tuvione, kwa maana tishu iliyokosa damu nayo huweza kutoa vipele vinavyofanana. Na macho yakiona ukungu au giza, asinipigie mimi kwanza, aende hospitali kubwa papo hapo.

Saa mbili usiku napiga mimi. Sisubiri nipigiwe, maana wanawake wengi huvumilia kwa kuogopa kusumbua, na wengine wamefanya kwa siri na hawawezi kupokea simu mbele ya mume. Hao tunakubaliana neno la kuandika. Kila Jumatatu nafungua sanduku la hayaluronidezi, nahesabu chupa, nasoma tarehe. Kliniki isiyo na dawa hiyo haistahili kushika sindano ya midomo, na huwa nasema hivyo hadharani: kabla hujalipa, waombe wakuoneshe chupa.

Binti wa miaka 17 alikuja na shangazi yake mwezi uliopita. Tulimkatalia kwa sababu ya umri. Uingereza iliweka katazo la kuwachoma walio chini ya miaka 18 kuwa sheria mwaka 2021, na sisi hatukuhitaji kusubiri sheria ya kwetu ili tufanye hivyo. Shangazi ndiye aliyerudi wiki hii, kwa ajili ya midomo yake mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 52. Nilimwamkia, nikamfundisha. Aliona ni mchezo wa watoto, lakini alibonyeza.

Saa mbili usiku nikampigia.

"Shikamoo, mama. Unajisikiaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimevimba, naona aibu hata kufungua mlango."

"Uvimbe tuuache. Kuna maumivu?"

"Yapo, ila yanapungua."

"Kioo unacho?"

Nikasikia kiti kikisogezwa, taa ikiwashwa, na mtu akimwuliza kwa mbali anafanya nini, naye akimjibu angoje. Kisha kimya. Kisha sauti yake, nzito kidogo kwa uvimbe, ikihesabu.

"Moja. Imerudi. Ngoja huku kushoto." Kimya tena. "Moja. Na huku imerudi."

"Na chini, mama?"

"Ngoja, nakuja chini."