Mtu wa Kumi na Nne Chomboni

Katika chumba chetu cha mafundisho hapa Bunia imetundikwa picha ya Bwana Yesu na mitume katika tufani. Ni nakala ya karatasi tu, iliyopigwa chapa, nayo imekwisha kupauka kwa jua. Picha ya asili ilichorwa na Rembrandt, Mholanzi, mwaka 1633. Waholanzi wa zamani zile walikuwa watu wa bahari, na wachoraji wao wengi walipenda merikebu na mawimbi. Lakini Rembrandt alichora picha moja tu ya namna hiyo, ndiyo hii. Na hata hiyo si bahari: Galilaya ni ziwa, urefu wake wapata kilomita 21. Ziwa letu Albert lina kilomita 160.

Picha ya asili haionekani tena. Usiku wa tarehe 18 Machi 1990 wezi wawili waliovaa kama polisi waliingia katika jumba la Isabella Stewart Gardner, mjini Boston, Marekani, wakaikata kutoka katika fremu yake. Fremu tupu ingali ukutani. Basi sisi wenye karatasi tunaona kuliko wenye jumba!

Mwaka mmoja niliwaambia wakatekumeni wadogo wahesabu watu chomboni: Yesu na mitume kumi na wawili. Mtoto mmoja wa wavuvi wa Kasenyi akasimama, "Mwalimu, ni kumi na wanne." Nikahesabu mwenyewe. Kumi na wanne! Niliona haya. Jioni padri akanieleza kwamba yule aliyeshika kamba kwa mkono mmoja na kofia kwa mkono wa pili, akitutazama sisi, wengi humtambua kuwa Rembrandt mwenyewe.

Kesho yake nikawaeleza watoto. Yule wa Kasenyi hakumjali mchoraji. Aliweka kidole juu ya tanga lililochanika, akatufundisha jinsi chombo kinavyoelekezwa wimbi linapokuja. Kisha akauliza, "Baba yangu alipozama, hakumwamsha Yesu?"

Jibu nililofundishwa seminari nilikuwa nalo. Halikutoka kinywani. Nikasema, "Hakika alimwita."

"Basi?"

Nikanyamaza. Tukapiga magoti wote, tukamsalia marehemu, na siku ile hatukuendelea na somo.

Mtoto alibatizwa Pasaka iliyofuata. Pale kwenye tanga alama ya kidole chake ingalipo, wala sijaifuta.